Chemba Ikitapika, Nani Aelimishwe?
Majibu kwa wasomaji kuhusu majitaka na mitaro

Barua za safari hii ni nyingi, na kadhaa zina hasira. Sikuzipunguza makali. Kwa wanaonisoma kwa mara ya kwanza: nimefanya kazi katika idara ya mitaro na majitaka ya jiji maisha yangu yote ya utumishi, kwanza kwenye kikosi cha kuzibua, kisha kwenye kitengo cha elimu kwa umma. Ninayojibu hapa nimeyaona kutoka pande zote mbili za mfuniko.

*Mama, nakuandikia kwa uchungu. Chemba ya mtaani kwetu ilitapika juma zima. Tulipiga simu hadi tukachoka. Siku walipokuja kuzibua, walikuja na kipaza sauti, wakatuambia sisi ndio wachafu, tunatupa takataka chooni. Hiyo ndiyo elimu kwa umma?*
*Mpangaji aliyechoka*

Pole sana, mwanangu. Hapana, hiyo si elimu. Mtu aliyeruka maji machafu mlangoni kwake kwa juma zima hana nafasi moyoni ya kupokea somo kutoka kwa aliyemchelewesha. Siku ile mlistahili kuombwa radhi kwanza, kisha mwambiwe bomba limeziba wapi na kwa nini, kisha muonyeshwe kilichotoka.

Hilo la kuonyeshwa nalitilia mkazo. Nilipokuwa kwenye kikosi, uchafu tuliouvuta tulikuwa tukiupakia garini haraka haraka na kuondoka, kana kwamba ni siri ya serikali. Kiongozi wetu akabadilisha utaratibu. Akaagiza tutandaze turubai kando ya chemba, tuweke kamba watu wasisogee mno, na kila kinachotoka kilazwe pale kwa muda kabla ya kupakiwa. Kilichotoka mara ya kwanza kilikuwa kamba nene kama paja la mtu, rangi ya kijivu: tishu za majimaji za kufutia watoto zilizosokotana na nywele, pedi, uzi wa kusafishia meno, na mafuta yaliyoganda yakiwa yamegandisha vyote pamoja. Hakuna aliyehubiri. Watu walisogea wenyewe, na maswali yakaanza. Mama mmoja akauliza, "Hizi tishu si zimeandikwa kwenye pakiti kwamba unaweza kuzitupa chooni?" Swali kama hilo halitoki kwenye mkutano wa kipaza sauti.

Jibu lake kila mtu anaweza kulipata jikoni kwake. Chukua chupa mbili zenye mdomo mpana, jaza maji nusu. Moja tia vipande vya karatasi ya chooni, nyingine tia tishu ya majimaji. Funga, tikisa kwa nguvu. Karatasi ya chooni itachanika na kuwa kama uji, kwa kuwa nyuzi zake ni fupi na zimeshikana kwa udhaifu makusudi. Tishu ya majimaji itabaki nzima, kwa kuwa imetengenezwa isichanike ikilowa, na nyingi zina nyuzi za plastiki. Iache kesho na keshokutwa, utaikuta vilevile. Bomba nalo linaikuta vilevile.

Kuhusu mafuta ya kupikia, wengi wanaamini wakiyamwaga na maji ya moto na sabuni wameyamaliza. Wameyasogeza tu. Mita kadhaa mbele bomba ni la baridi, mafuta yanaganda ukutani. Tena hayagandi tu: asidi zilizomo kwenye mafuta hukutana na kalsiamu ya kwenye maji na ya kwenye zege, zikatengeneza kitu kigumu cha jamii ya sabuni ambacho maji ya kawaida hayakiondoi. Mwaka 2017 chini ya mtaa wa Whitechapel jijini London lilikutwa bonge la mafuta na tishu lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130 hivi. Wafanyakazi walilikatakata kwa majuma kadhaa. Mwaka uliofuata kipande chake kikawekwa kwenye makumbusho ya jiji hilo, ndani ya kioo, na watu wakapanga foleni kukiona. Ndilo turubai letu, kwa kiwango kikubwa zaidi. Wewe acha mafuta yapoe, yakusanye kwenye chombo chenye kifuniko, na sufuria ipanguse kwa karatasi kabla ya kuiosha.

Lakini sitaki uondoke hapa ukidhani kosa lote ni la wapangaji. Chemba hutapika pia kwa sababu bomba limechakaa na kubonyea, mizizi ya miti imepenya kwenye viungo, au bomba la zamani linabeba nyumba nyingi kuliko zilizokusudiwa. Ndiyo maana muwe na ushahidi. Kila mnapopiga simu ombeni namba ya taarifa, andikeni siku na saa, pigeni picha mfuniko pamoja na alama yoyote iliyoandikwa juu yake. Siku kikosi kinapokuja, ulizeni swali moja kwa upole: nini kimetoka? Wakisema ni mizizi au bomba limevunjika, dai matengenezo, maana kuzibua pekee kutawarudisha palepale. Wakisema ni tishu na mafuta, hapo mna kazi ya kufanya wenyewe kwa wenyewe.

*Shikamoo Bibi. Nikivuta maji chooni, vile vitu vinaenda wapi? Kaka yangu anasema vinaenda mtoni moja kwa moja.*
*Mwanafunzi wa darasa la tano*

Marahaba, mjukuu wangu. Swali lako ndilo ninalolipenda kuliko yote, na watu wazima wengi wanaona haya kuliuliza.

Maji yanatoka nyumbani kwenu kwa bomba dogo, yanaingia kwenye bomba kubwa la mtaa, kisha kwenye kubwa zaidi. Sehemu kubwa ya safari hayasukumwi na mashine. Bomba limelazwa kwa mteremko mdogo, na maji yanashuka yenyewe. Mteremko ukiwa mdogo mno, mchanga na uchafu hutua njiani. Pale ambapo ardhi haitaki kuteremka ndipo tunaweka pampu ya kuyapandisha.

Mwisho wa safari ni mtambo wa kusafishia. Hapo kwanza yanapita kwenye chekeche la vyuma. Wanafunzi nikiwapeleka hapo huwa wanaziba pua, halafu baada ya dakika chache wanasahau pua kwa sababu ya wanayoyaona: vifuniko vya kalamu, midoli, soksi, mswaki. Kisha mchanga unatuama, kisha tope linatuama kwenye matangi makubwa. Kinachobaki kinaonekana kama chai iliyomwagiwa maji mengi. Kumbuka kwamba majitaka kwa sehemu kubwa sana, zaidi ya asilimia 99, ni maji tu. Kazi ngumu ni kuondoa hicho kidogo kilichobaki, na wanaoifanya ni bakteria. Tunawapulizia hewa wapumue, nao wanakula uchafu, wanaongezeka, wanashikamana, kisha wanatua chini, na maji safi zaidi yanabaki juu. Njia hii ilielezwa na wataalamu wa Manchester, Uingereza, mwaka 1914, na hadi leo miji mingi duniani inaitumia. Tope lililobaki likifungiwa kwenye matangi yasiyo na hewa hutoa gesi ya methani, ambayo mitambo mingi huichoma kupata umeme.

Sasa kuhusu kaka yako. Usigombane naye, kwa maana kuna mahali maneno yake ni kweli. Ipo miji isiyo na mtambo, na ipo yenye mtambo usiotosha. Mataifa yamekubaliana kwamba ifikapo 2030 sehemu ya majitaka yanayomwagwa bila kusafishwa ipungue kwa nusu, na hilo linakuonyesha kwamba bado ni mengi. Hata miji tajiri ya zamani, kama London na Paris, ilijengwa kwa bomba moja la kubeba majitaka na maji ya mvua pamoja. Mvua ikizidi, bomba linajaa, na mchanganyiko humwagika mtoni ili usirudi majumbani. London imechimba handaki la kilomita 25 kufuata mto wake kukusanya maji hayo, na lilikamilika kuunganishwa mwaka 2025. Mwambie kaka yako mwende pamoja mkaulize kwenye idara ya jiji lenu: letu linaishia wapi? Wana wajibu wa kuwajibu.

*Tuliambiwa mtaro mpya umejengwa kuhimili mvua ya miaka kumi. Miaka mitatu haijaisha, umefurika mara mbili. Tulidanganywa?*
*Mstaafu*

Mzee wangu, hamkudanganywa, ila hamkuelezwa, na kwangu hilo ni kosa la idara.

Mvua ya miaka kumi ni mvua kubwa kiasi kwamba kila mwaka kuna nafasi 1 kati ya 10 ya kunyesha. Haina miadi. Inaweza kunyesha mwaka huu na mwakani tena. Na ukikaa karibu na mtaro huo miaka 10, uwezekano wa kuiona angalau mara moja ni kama asilimia 65. Mhandisi anaposimama mbele ya wananchi akataja miaka kumi na kukaa, kila mmoja anaondoka akijua ana miaka kumi ya amani. Mafuriko ya kwanza yakija, imani inakwenda na maji.

Hata hivyo, hesabu hiyohiyo inakupa haki ya kuhoji. Kwa mtaro uliosanifiwa vizuri, uwezekano wa mvua ya aina hiyo kuja katika miaka miwili kati ya mitatu ni chini ya 3 kwa kila 100. Kwa hiyo kufurika mara mbili ni jambo la kuchunguzwa. Huenda mtaro umejaa mchanga. Huenda mdomo wake wa mwisho umezibwa. Huenda takwimu za mvua zilizotumika ni za zamani, ilhali hewa ikipata joto kwa nyuzi moja ya Selsiasi inaweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, na mvua kubwa zinazidi kuwa kubwa. Au huenda huko juu yenu watu wamejenga na kusakafia viwanja. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita 10 kwa 10, mvua ikinyesha milimita 50, linamwaga lita 5,000. Mapaa 200 mapya ni lita milioni moja ambazo mtaro wenu haukuzitarajia.

Nendeni kwenye idara na mambo mawili mkononi: tarehe za mafuriko yote mawili, na alama ya maji yalipofika kwenye kuta. Namkumbuka mzee mmoja kwenye mkutano, alikaa kimya hadi karibu na mwisho, akaomba kalamu. Akachora mstari juu ya ramani yetu nzuri ya rangi, akasema, "Maji hayapiti mnapopita ninyi. Yanatokea nyuma ya shule." Wahandisi walikwenda kupima, wakakuta ukuta mpya umejengwa kukata mkondo wa asili, na maji yameamua njia nyingine. Ramani yetu haikuwa na ukuta ule. Baada ya hapo sikukubali tena kuitisha mkutano wa kutoa taarifa tu. Ramani iwekwe mezani, na kalamu ziwepo za kutosha.

*Dada, mimi ni afisa mpya wa uhamasishaji. Mikutano yangu wanakuja walewale. Vipeperushi vinaishia kufungia vitu. Nianzie wapi?*
*Mwenzako kazini*

Anzia kwa mafundi. Wewe na mimi tunahangaika na wenye nyumba, lakini mwenye nyumba hajui bomba lake limeunganishwa wapi. Anayejua ni fundi bomba na mwashi. Fundi mmoja akiunganisha maji ya paa kwenye bomba la majitaka kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu, kila mvua itafurisha chemba za majirani. Akifanya kinyume, akapeleka choo kwenye mtaro wa mvua, kinyesi kinakwenda mtoni bila kupita popote pa kusafishwa. Waite mafundi, uwape heshima ya ufundi wao, na uwaonyeshe jaribio la rangi: unamimina maji ya rangi isiyo na madhara kwenye choo, mwenzako anasubiri kwenye mtaro. Rangi ikitokea mtaroni, hakuna haja ya mjadala. Mafundi hupenda kitu kinachothibitika, nao watawaambia wateja wao kwa lugha wanayoielewa.

Kisha wafuate watu walipo. Wanaotumia tishu za watoto wako kliniki ya watoto. Wanaomwaga mafuta mengi wako kwenye majiko ya migahawa, saa za mchana zenye utulivu, si ukumbini jioni. Nenda na chupa zako mbili.

Na ufungue milango. Paris ilianza kuwatembeza watu kwenye mabomba yake makuu mwaka 1867, wakati wa maonyesho ya dunia, na mpaka leo kuna makumbusho humohumo chini. Japani miji mingi ina mifuniko ya chemba yenye michoro ya maua, ndege na majengo yake, na tangu 2016 kuna kadi za mifuniko hiyo ambazo watu husafiri kwenda kuzikusanya, kila moja ina maelezo nyuma. Hong Kong, chini ya viwanja vya michezo vya Happy Valley, kuna tangi la kuhifadhi maji ya mvua mita za ujazo 60,000, na juu yake watu wanacheza mpira. Kitu kama hicho kikikaa bila kuelezwa, anayekanyaga juu yake hajui kinachomlinda. Huhitaji tangi la namna hiyo ili uanze. Katika miji kadhaa wananchi wamechora samaki kando ya kila mdomo wa mtaro, kuonyesha kwamba kinachoingia hapo kinafika majini. Rangi, brashi, watoto wa shule, na ruhusa ya bosi wako. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu, lakini omba.

Ombi langu kwako: usiripoti idadi ya vipeperushi. Nenda kwa kikosi cha kuzibua, uombe orodha ya mabomba yaliyoziba katika eneo lako kabla hujaanza, na uiombe tena baadaye. Kama kuziba hakupungui, badilisha unachofanya. Kikosi na kitengo cha elimu wakikaa ofisi mbili zisizosalimiana, wote wawili wanafanya kazi gizani.

*Tulisafiri, tuliporudi bafu la wageni lilikuwa linanuka vibaya. Fundi anataka kuvunja sakafu.*
*Baba wa familia*

Asivunje kwanza. Chini ya kila sinki na kila tundu la sakafuni kuna kona ya bomba iliyopinda inayobaki na maji. Maji hayo ndiyo kizuizi cha hewa chafu ya mabomba. Msipotumia bafu muda mrefu hukauka, na harufu inapanda. Mimina ndoo ya maji kwenye kila tundu, fungua dirisha, subiri. Harufu ikirudi ndani ya siku chache huku bafu linatumika, hapo mwite fundi akague kama hewa inanyonya maji ya kwenye kona.

*Mama, vijana wa kikundi chetu wana moyo wa kujitolea. Idara ikichelewa wanafunua chemba na kushuka wenyewe kuzibua kwa koleo. Nataka uwapongeze kwenye safu yako wapate moyo.*
*Mlezi wa vijana*

Ndugu yangu, nawapenda vijana hao kama wangu, na ndiyo sababu nakuomba uwazuie leo, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu.

Ndani ya chemba kuna gesi inayotokana na uchafu unaooza bila hewa. Ikiwa kidogo hunuka kama yai viza. Ikizidi, inaua uwezo wa pua kunusa, na kijana anadhani harufu imekwisha kumbe imeongezeka. Ikizidi zaidi, pumzi chache zinamwangusha. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inakaa chini, kule anakoshukia. Na hata chemba ikionekana salama ikifunuliwa, tope likichokolewa kwa koleo linaachia gesi iliyokuwa imefungiwa ndani yake. Kuna methani pia, inayolipuka kwa cheche moja, na mara nyingine oksijeni yenyewe haitoshi.

Ajali hizi zina mtiririko unaojirudia nchi baada ya nchi. Mmoja anashuka, anaanguka. Mwenzake anamwona, anashuka kumvuta, anaanguka. Wa tatu anafuata. Wote walikuwa watu wema.

Kikosi chenye vifaa hakishuki bila kipimo cha gesi, kipulizio cha hewa, mkanda wa mwilini uliofungwa kwenye kamba na winchi, na mtu wa juu ambaye kazi yake ni kutoshuka kwa hali yoyote. Na kazi nyingi za kuzibua hufanywa kutoka juu, kwa mpira wa maji yenye msukumo mkubwa. Idara yoyote inayomshusha mtu bila vifaa hivyo, hata awe mfanyakazi wake, inakosea, na vijana wako wana haki ya kulisema hilo kwa sauti.

Moyo wao wa kujitolea una kazi. Wasafishe midomo ya mitaro kutoka juu kabla ya msimu wa mvua, wakiwa na glavu na viatu vigumu. Wahesabu mifuniko iliyopotea na kuipeleka orodha idarani. Wazungushie kamba chemba iliyo wazi mtoto asitumbukie. Na kama siku moja wakimkuta mtu ameanguka ndani, wapigie zimamoto, waseme wazi kwamba ni chemba ya majitaka ili waje na vifaa vya kupumulia, wasiwashe moto wala sigara karibu, na wamshike mkono yeyote anayetaka kushuka kumfuata, hata kama ni ndugu yake na analia.